Dawa Tatu za Mafuta na Miguu Yangu

Kama umeandikiwa dawa ya kushusha mafuta ya damu, umeanza kuimeza, na sasa mapaja yanakuuma na watu wa nyumbani kwako wanakwambia ni uzee, kaa hapa nikwambie. Mimi nilikwisha kuambiwa ni uzee. Nikaambiwa ni uvivu, nikaambiwa ni deko, mwisho nikaambiwa najifanya. Sasa miguu imerudi, natembea mpaka stendi ya Gede na kurudi bila kukaa njiani, lakini hasira hazijanitoka, na sitaki zinitoke kabla sijaandika haya.

Naandika mwenyewe. Shule niliiacha mapema, mwalimu alikuwa na fimbo nzito na mimi nilikuwa na mguu mwepesi. Kwa hivyo ukiona naruka huku na huku, vumilia, ndivyo nizungumzavyo. Mke wangu husema nikitumwa chumvi nitaanza kueleza bahari.

Kazi yangu ni mpishi. Si mpishi wa hoteli, wale wa Kikambala wenye kofia nyeupe wanaopika sahani moja moja. Mimi ni mpishi wa karamu. Arusi, matanga, maulidi, hata Wakristo wa huku mashambani wakiozesha huniita, nami huenda na mwiko wangu mrefu kama kasia na upawa wangu alioniachia baba. Masufuria ni ya wenyewe, mwiko ni wangu. Kazi hii ni ya miguu. Watu hudhani ni ya mikono, kumbe mikono hukoroga tu, miguu ndiyo husimama mbele ya moto tangu alfajiri hadi wageni wamekula na wapishi wamebaki wakigombea ukoko.

Na kuna jambo mpishi wa karamu hulijua kabla hajajua kupima chumvi: ukali hukata mafuta. Sufuria iliyoshika samli usipoteze sabuni, isugue kwa ndimu na majivu, itang'aa. Mtu aliyeshindiliwa pilau akahema, mpe achari, au pande la balungi, utamwona anafungua macho na kuuliza kama kuna nyama iliyobaki. Hilo baba alinifundisha, naye alifundishwa na babake. Shika neno hilo, maana ndilo lililotaka kuniua.

Ugonjwa wangu ulianzia Tezo, kwenye arusi. Binti yangu Zuhura ameolewa huko, na aliyekuwa akioa ni shemejiye, kwa hivyo nilipika kwa moyo wote na kwa kutaka kusifiwa. Nilipokuwa napalia makaa juu ya mfuniko, kifua kikabana kama mtu amenikalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikasema ni moshi. Zuhura akaniona nimeshika mti, akapiga kelele, arusi nusura igeuke matanga. Walinipeleka kwenye zahanati moja, jina silitaji. Si kwamba nawaogopa. Ni kwamba ukiitaja moja, nyingine zitajiona safi.

Nikalazwa, nikapimwa, nikaambiwa sijambo, moyo haukupasuka ila ulinionya. Kisha nikaitwa kwa daktari kijana, kijana safi, viatu vyake waweza kujitazama ndani.

"Mzee, kazi yako nini?"

"Mpishi wa karamu."

Akacheka, akaligeukia karatasi langu la damu. "Basi mwizi tumempata. Mafuta yamejaa, mzee. Nazi, samli, nyama ya mbuzi. Acha vyote."

"Vyote?"

"Wataka kuishi au wataka pilau?"

Wewe fikiri mwenyewe. Mtu mwenye umri wa kumzaa huyo, namkalia mbele nimeinama kama mtoto aliyeiba sukari. Aliniuliza kazi yangu ili apate la kunisuta, hakuniuliza ili ajue. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo iliyonila miguu. Akaandika dawa, akasema kimoja kila usiku, usiache maisha yako yote. Halafu akaita, "Mwengine."

Dawa ile ya kwanza jina lake simvastatini. Nililisoma kwa kugawanya vipande vipande kama ninavyogawanya mbuzi. Kilikuwa kidonge cha rangi ya udongo mwekundu, lakini usiifuate rangi, kila kiwanda hupaka yake. Fuata jina. Majina ya jamaa hizi huishia sawa, kama watoto wa baba mmoja, na mimi nimewaonja watatu.

Nyumbani nyuma ya jiko tuna mbalungi. Mke wangu, Mama Zuhura, aliupanda mwaka aliozaliwa binti yetu, na kitovu cha mtoto kikazikwa pale chini, kama desturi. Mti huo huzaa kama umeambiwa kesho ni kiama. Balungi lake ni chungu kidogo, kali, lina maji hata ukilipasua unajilowesha kifua. Basi nikamwambia Mama Zuhura, "Daktari kaleta dawa yake, sisi tuiongezee nguvu." Naye akakubali, kwani yeye amesugua masufuria yangu tangu ujana wetu na anajua ndimu inafanya nini kwa samli. Akawa kila usiku ananikamulia bilauri nzima. Nameza kidonge, nakisukuma kwa maji ya balungi, nalala nikiwazia mafuta yanavyotoka mishipani mwangu kama yanavyotoka kwenye sufuria.

Masika yakaingia. Mvua hainisumbui mimi, lakini mwaka ule mapaja yalianza kuniuma kama nimelima shamba la mtu. Kwanza nilipokuwa napanda ngazi za msikiti. Halafu kuinuka kutoka sijda. Halafu kuchuchumaa chooni, na hapa nisione haya kukwambia, kwani kama wewe nawe yamekukuta, hakuna aliyekwambia: nilikuwa nachuchumaa nikishika ndoo, na kuinuka nikimwita mke wangu. Mtu mzima, naita nivutwe mkono kutoka chooni. Mama Zuhura hakuwahi kucheka. Alikuwa anakohoa kwanza mlangoni, aniondolee aibu, ndipo anaingia. Mungu amlipe kwa kikohozi kile.

Nikarudi zahanati. Benchi la pale ni la simenti, limewekwa na mtu asiyekuwa na makalio. Unafika kabla ya jua, unapewa namba, unakaa. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa anapepea mtoto kwa kadi ya kliniki, mwengine anatafuna mabuyu na kutema kokwa mkononi kwa adabu. Wote tunaangalia mlango mmoja. Jua likatupanda miguuni, likaja magotini, likatufika usoni, ndipo nikaitwa.

Kijana akaliangalia karatasi langu jipya, uso ukamwangaza. "Mzee! Mafuta yameshuka vizuri sana. Dawa inafanya kazi."

"Daktari, miguu haifanyi kazi."

"Una miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Basi ni uzee, mzee. Karatasi yasema uko vizuri."

Nikatoka na karatasi linalosema niko vizuri, nimeshikilia ukuta. Karatasi lilikuwa linatembea kuliko mimi.

Nikaacha dawa. Sikumwambia mtu. Kila usiku natia kidonge chini ya ulimi, nanywa balungi langu, kisha nakitemea dirishani. Na ajabu, baada ya siku si nyingi miguu ikaanza kurejea. Nikasema ala, kumbe mwizi ni huyu. Nikafurahi. Nikapanda ngazi za msikiti bila kushika kitu.

Kisha Zuhura akaja kutusalimia, akaenda nyuma kuokota mabalungi ya kupeleka Tezo, akakuta vidonge vyangu chini ya dirisha, vingine vimeyeyuka, vingine kuku wanavidonoa. Akavikusanya kwenye kanga akavimwaga mbele yangu kwenye mkeka.

"Baba, hivi ni nini?"

"Ni vidonge."

"Wataka kufa?"

"Nataka kutembea."

"Ulikufa mbele yangu Tezo, Baba. Mimi ndiye niliyekushika. Hukuniona uso wangu siku ile, wewe ulikuwa unatazama sufuria kama itaungua."

Na kweli nilikuwa natazama sufuria. Lakini alivyofanya baada ya hapo hakukuwa haki. Akakaa kwetu. Kila usiku anakuja na kidonge na maji ya balungi yaliyokamuliwa na mamake, anasimama mbele yangu. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Mimi niliyemlisha uji kwa kidole namwinulia ulimi kama ng'ombe anayeangaliwa meno sokoni. Mama Zuhura akageuza uso. Nilikuwa na hasira hata sikuweza kumchukia mtu mmoja, nikawachukia wote, na kidonge, na kuku.

Wiki ile ile Zuhura akanirudisha zahanati akanishtaki kwa kijana wa viatu. Naye akasema, "Sawa, kama ile inamsumbua tutambadilishia." Akaandika ya pili, atorvastatini, nyeupe, ndefu kidogo, na akaiandika kwa nguvu kubwa, ati kufidia vidonge nilivyovitemea dirishani. Hakuuliza kitu. Kubadilisha dawa bila kuuliza ni sawa na mpishi aliyeonja mchuzi ukawa mchungu, akabadilisha sufuria.

Hapa nitoke njiani kidogo nikupeleke Malindi, kwa Bwana Jivan.

Jivan ni mwenye duka la viungo. Babu yake alimuuzia babu yangu bizari, na sisi tumeendelea hivyo hivyo, yeye akinidanganya kuhusu iliki na mimi nikimdanganya kwamba nimeamini. Nilikwenda kwake kununua mdalasini, Zuhura kanipeleka, nikakaa kwenye gunia la dengu kwa sababu kusimama sikuwezi. Jivan akanitazama.

"Mpishi, wewe mbona umekaa juu ya mali yangu kama maiti?"

Nikamtolea vidonge. Akacheka, akafungua droo ya chini ya mizani, akatoa vyake. Tukaviweka juu ya kaunta kando kando, cheupe changu, cha waridi chake. Cha kwake rosuvastatini.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe hujala hata yai maisha yako."

"Sijala nyama, mama hajala nyama, bibi hajala nyama. Na daktari wangu wa kwanza akanambia, punguza mbuzi." Akapiga kaunta kwa kiganja. "Mbuzi! Nikamwambia nipunguze kutoka wapi?"

"Basi mafuta yametoka wapi?"

"Kwa baba. Na yeye kwa babake. Wengine huachiwa duka, mimi nimeachiwa duka na mafuta."

Nakusimulia hili kwa sababu mimi nilikuwa nimelala masiku nikijiona mkosaji kwa kila pilau niliyopika, na arusi zote nilizozifurahisha zikawa zimenigeukia kuwa mashahidi. Kumbe mtu aweza kula dengu na mchicha hadi uzeeni na damu yake ikawa kama yangu. Nilikasirika upya. Nilikasirika kwa niaba ya nazi.

"Na miguu yako?" nikamuuliza.

"Miguu mizima. Hiki hakijanifanya kitu."

"Nipe vichache nijaribu."

Akavirudisha kwenye droo haraka, akafunga. "Mke hukopeshi, dawa hukopeshi. Kamwambie daktari wako akupe hii."

"Hasikii."

"Basi tafuta mwenye masikio."

Nilimwona mchoyo siku ile. Leo namshukuru, maana kama angalinipa ningalimeza ya kwake juu ya yangu, na haya ungesimuliwa na mjane.

Kutoka dukani, pale karibu na soko, palikuwa na kijana mwenye kipaza sauti akiuza vidonge vya vitunguu saumu, ati vinasafisha mishipa, macho na nguvu za kiume kwa pamoja. Zuhura akaninunulia. Nimevimeza. Vilinipa mcheuo wa vitunguu, na kwa hilo sina lawama, maana vilikuwa vitunguu kweli. Zaidi ya hapo hakuna.

Sasa ikafika kipupwe. Dawa ya pili kwa nguvu kubwa, na Mama Zuhura kwa kunihurumia akaongeza balungi: bilauri ya usiku, na nyingine asubuhi. Alikuwa anasema, "Labda haikatwi vizuri." Kwa mapenzi. Nitakuapia kwa lolote, kwa mapenzi.

Jirani yetu akafiwa na mamake, na matanga ni matanga, mpishi haombi ruhusa. Wenzangu walinikataza kusimama motoni, wakanambia nisimamie kwa mdomo. Lakini vijana walikuwa wanakuna nazi vibaya, wanakuna mpaka kwenye kifuu, tui linageuka rangi. Nikasema pisheni. Nikajishusha juu ya mbuzi ya kukunia, nikawaonyesha. Nikakuna moja, nikakuna ya pili. Nikataka kuinuka.

Miguu haikuja.

Nikajisukuma kwa mikono, nikarudi chini. Kijana mmoja akasema, "Leo mbuzi amemkamata mpishi," watu wakacheka, nami nikacheka nao, huku nasukuma. Nikasukuma tena. Kicheko kikapungua, kikabaki cha mtu mmoja, naye akakimeza. Wakanibeba na mbuzi yangu chini, maana mguu mmoja ulikuwa umenasa, tukapita mbele ya wafiwa. Wanawake waliokuwa wakilia maiti wakageuka wakanililia mimi.

Nilipokwenda haja mkojo ulitoka mweusi kama maji ya ukwaju. Hapa simama, usome tena. Ukiwa unameza dawa hizi, misuli ikauma hata ukakosa nguvu, na mkojo ukawa mweusi, usingoje tarehe yako ya kliniki, usimwulize muuza vitunguu, nenda hospitali wakati huo huo. Mimi nilipelekwa Kilifi. Wakanitundikia maji ya mshipani, wakapima, wakasema nyama za miguu yangu zinavunjika na mavunjiko yake yanaziba figo. Nilikuwa najiyeyusha mwenyewe, kwa resipe yangu mwenyewe.

Akaja daktari mwanamke, mtu mzima, amechoka, kanga imetoka kidogo chini ya koti lake jeupe. Akavuta kiti akakaa. Hilo kwanza, alikaa. Sijawahi kuona wengine wakikaa kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa yako ya mafuta, unaimeza saa ngapi?"

"Usiku. Binti yangu ni shahidi, ananikagua ulimi."

"Na unaimeza na nini?"

"Na maji ya balungi."

Akaiweka kalamu kitandani. "Balungi kiasi gani?"

Mama Zuhura ndiye aliyejibu, kwa fahari, masikini. "Bilauri usiku na bilauri asubuhi, mwanangu. Nakamua mwenyewe."

Daktari akatueleza polepole. Kwamba balungi huizuia dawa ile isitoke mwilini, ikajazana juu ya ya jana na ya juzi, hata mtu aliyemeza kimoja akawa kama aliyemeza vingi. Kwamba simvastatini haitaki kabisa balungi, na atorvastatini haivumilii mtu anayelinywa kama nilivyolinywa mimi. Nililielewa upesi. Nilikuwa nimefunika chungu kinachochemka, nikakaa juu ya mfuniko.

Ndipo nikajua kwa nini karatasi lilikuwa linacheka huku miguu inalia. Dawa ilikuwa imejaa. Mafuta yalishuka, na mimi nikashuka nayo.

Lakini nisikilize. Kilichoniumiza zaidi ya sindano kilitokea daktari alipoondoka. Zuhura alimgeukia mamake.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema. "Muda wote huu ni wewe uliyekuwa ukimpa sumu."

Mama Zuhura akainama. Akaitazama mikono yake, mikono imepasuka kwa ukali wa matunda, akaificha chini ya leso.

Miguu sikuwa nayo, lakini sauti nilikuwa nayo. Nilimwambia binti yangu, na wodi nzima ilisikia, "Nani alinisimamia nimeze? Nani aliniinua ulimi? Bilauri ile ilipita mikononi mwako kila usiku, uliinusa, hukuuliza. Mimi sikuuliza. Na aliyesoma kwa ajili ya kuuliza, aliyepewa kiti na meza na mlango wa kuuliza, naye hakuuliza. Mkimtafuta mwenye sumu, msianzie kwa mama yenu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Kweli kabisa, mzee." Nikamwambia hakuulizwa. Nilikuwa na hasira hata na wa upande wangu.

Zuhura akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Akarudi baadaye, macho mekundu, akachukua beseni akamwosha mamake mikono, kidole kimoja kimoja. Nikawaacha. Kuna mambo hupikwa kwa moto mdogo.

Nilikaa hospitali mpaka mkojo ukasafika, nikarudi nyumbani nikikokota fimbo. Vuli ilinikuta barazani. Miguu ilikuwa imepungua hata suruali ilining'inia kama si yangu. Mama Zuhura hakukamua kitu tena, hata ndimu ya mchuzi aliiogopa, mpaka nikamwomba daktari amwambie kwa simu kwamba ndimu ya kachumbari haina neno, ni balungi na dawa zile tu. Akasikiliza, akasema ahsante, na bado akaificha ndimu. Ilibidi nimchekeshe kwa siku nyingi ndipo achari ikarudi mezani.

Daktari wa Kilifi aliniacha bila dawa yoyote ya mafuta mpaka damu ilipotulia. Nikaogopa kifua. Kila nikikohoa Zuhura anaruka. Halafu akanianzishia ya tatu, kidogo sana, na ni ile ile ya Jivan, ambayo alisema haigombani na balungi kama wale ndugu zake. Akanambia kuna nyingine ya ukoo mwengine kabisa, isiyokwenda kwenye ini bali hukaa mlangoni mwa utumbo ikazuia mafuta kuingia, na kama hii ingenishinda tungeijaribu hiyo. Haikunishinda. Damu iko vizuri na miguu iko vizuri. Nilipomwonyesha Jivan kidonge changu cha waridi alisema, "Sasa umekuwa Mhindi," akanipa iliki bila kunidanganya, mara moja hiyo.

Usinifanye daktari lakini. Jirani yangu anameza ile nyeupe iliyonivunja, na anakimbiza kuku. Dawa haina ubaya. Ubaya ni kuandikiwa kama vile huna jiko, huna mti, huna mke anayekupenda.

Mti, ndiyo. Kaskazi ilipoanza Zuhura alikuja kutoka Tezo na panga. Hakutusalimia vizuri, alipita moja kwa moja nyuma ya jiko. Nikamfuata kwa fimbo, Mama Zuhura nyuma yangu.

"Mwanangu, wafanya nini?"

"Nautoa."

"Mti umefanya nini?"

"Baba, nusura ukuue."

"Mti haukuandika dawa," nikamwambia. "Shusha panga."

Hakushusha. Mama Zuhura ndiye aliyesogea, taratibu, akasimama kati yake na shina. "Ukikata, kata upande ule," akamwonyesha kwa mguu. "Huku ndiko kuliko kitovu chako. Usijikate."

Zuhura akakaa chini kwenye mizizi, panga mapajani. Akalia kama alivyolia akiwa mdogo, kwa mdomo wazi. Nasi tukakaa naye, na mimi kukaa chini wakati huo ilikuwa ni kazi, lakini nilikaa. Tulipomaliza alinivuta mkono mmoja na mamake mwengine, tukaenda kunywa chai. Mti upo. Mabalungi anaokota yeye, anapeleka Tezo kwa watu wasiomeza kitu.

Moja nilibakiza. Kubwa, la manjano, zito kama kichwa cha mtoto. Nikaenda nalo kwenye zahanati ile ya mwanzo. Sikuwa na tarehe. Nikakaa benchi la simenti tangu jua la miguuni, nikangoja zamu yangu kama mgonjwa, nikaingia, nikaliweka juu ya meza, katikati ya karatasi zake.

Yule kijana akalisukuma kidogo. "Mzee, sisi haturuhusiwi kupokea zawadi."

"Si zawadi. Ndilo lililonivunja miguu, pamoja na dawa yako."

Nikamsimulia, nimesimama. Kiti kilikuwepo, sikukitaka. Mwanzo alikuwa anatazama mlango, kisha akaacha kutazama mlango. Nilipofika kwenye mkojo alivua miwani.

"Mzee, mimi naona wagonjwa wengi mno kwa siku," akasema kwa sauti ndogo. "Sina nafasi ya kumuuliza kila mtu anakula nini."

"Nafasi ya kunisuta kwa kazi yangu uliipata."

Akaikunja miwani. Sikumsamehe, na nisikudanganye kwamba nimemsamehe hadi leo. Nikamwambia balungi libaki hapo mezani mpaka lioze. Nikatoka nikakaa benchi nje ya mlango, si kwa kuchoka, kwa kusikiliza. Akaitwa mama mmoja mnene wa makamo, mwenye buibui, karatasi lake mkononi. Mlango haukufungwa vizuri. Nikasikia anaulizwa jina, nikasikia kalamu inaandika, ikaandika, nikaanza kuchemka upya.

Kisha kalamu ikasimama.

"Mama, hebu nambie kwanza. Ukimeza dawa, utaimeza na nini?"

Jibu la yule mama sikulingoja. Nikainuka kwenye simenti, mwenyewe, bila ukuta, nikaenda zangu nyumbani.